Mbuga Yetu Nayo Iwe na Daftari

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima kwa wanakisomo na wanakijiji, Tinde, Shinyanga)



Leo hatukuja kufundisha a-e-i-o-u. Hiyo mmekwisha kuivuka. Tumekuja kuzungumza juu ya kazi moja ambayo mhitimu wa kisomo anaweza kuifanya kwa mkono wake mwenyewe, na kijiji kizima kikafaidika. Kazi yenyewe ni kutunza kumbukumbu za mbuga yetu kwa picha na kwa maandishi.

Huenda wengine wanaguna huko nyuma. Wanasema, "Picha? Picha ni za harusi na kitambulisho. Mbuga ipigwe picha ya nini? Kwani inaoa?" Haya, tusikilizane kwanza. Mwisho wa mazungumzo kila mtu atasema lake.

UBISHI USIOKWISHA

Sote tumekaa katika mikutano ya kijiji. Tunajua inavyokuwa inapofika habari ya bonde na maji.

Mzee mmoja anasimama na kusema, "Zamani maji yalikaa bondeni mpaka mwezi wa tisa. Tulivua kambale. Sasa mwezi wa sita pamekauka." Kijana anamjibu, "Babu, hata zamani palikauka. Umesahau tu."

Mfugaji anasema wakulima wameongeza majaruba mpaka ng'ombe hawana pa kupita wala pa kunywa. Mkulima naye anajibu kuwa ng'ombe ndio waliokanyaga kingo na kuziba mkondo. Mama anayeteka maji anasema kisima kimeshuka tangu watu walipoanza kuchota mchanga wa mtoni kwa malori. Mwenye lori anasema mchanga hurudi kila masika, na mto ni uleule.

Basi, nani anasema kweli? Kila mmoja anasema kweli ya macho yake na ya kichwa chake. Lakini hakuna aliyeshika ushahidi mkononi. Mwenyekiti anafunga mkutano, watu wanakwenda nyumbani na hasira zao, na bonde linabaki vilevile bila uamuzi. Mwaka unaofuata ubishi unaanza upya.

Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye duka ana daftari. Chama cha ushirika kina daftari la pamba. Zahanati ina kadi ya kila mtoto, na uzito wake unaandikwa kila mwezi. Mbuga ni mali kuliko duka lolote hapa Tinde. Inatupa mpunga, malisho ya kiangazi, maji, samaki, nyasi za kuezeka na udongo wa matofali. Daftari lake liko wapi?

MACHO HUZOEA

Tatizo si kwamba watu ni waongo. Macho ya binadamu huzoea. Jambo likija ghafla tunaliona. Nyumba ikiungua usiku mmoja, kila mtu anajua. Lakini mto ukila ukingo hatua moja kila mwaka, hatuoni. Tunasema haba na haba hujaza kibaba. Ni kweli, lakini haba na haba pia hukausha kisima.

Tutoe mfano wa hapahapa kwetu, nao ni wa ngitili.

Wazee wanakumbuka hali ya Shinyanga katika miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980. Misitu ilikuwa imekatwa kwa miaka mingi. Kwanza ilikatwa kufukuza mbung'o tangu enzi za ukoloni. Halafu ikaja mashamba ya pamba, halafu kuni na mkaa, na ng'ombe walikuwa wengi. Katika miaka ya 1974 na 1975 watu walihamia vijijini, na ngitili nyingi za familia zikaachwa nyuma au zikakatwa. Watu walianza kuuita mkoa wetu jangwa. Mwaka 1986 ndipo ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Wataalamu wa mradi waliwasikiliza wazee, wakaona kuwa dawa ilikuwako zamani katika desturi za Wasukuma wenyewe. Dawa hiyo ni ngitili: kufunga sehemu ya malisho wakati wa masika, ardhi ipumzike, nyasi na miti viote, na mifugo iingie kiangazi.

Mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, kabla haujagawanywa mwaka 2012. Hiyo ni kazi kubwa, na waliofanya ni wananchi.

Sasa tujiulize. Kijana aliyezaliwa mwaka 2005 anajua nini? Yeye ameikuta miti. Anadhani ngitili ilikuwako tangu dunia iumbwe, na kwa hiyo akikata miti mitatu ya mkaa haoni hasara. Laiti angeonyeshwa picha ya mahali palepale ilivyokuwa mwaka 1986, udongo mtupu na makorongo, angeelewa bila hotuba. Lakini katika vijiji vingi picha hiyo haipo. Imebaki katika vichwa vya wazee tu, na wazee wanaondoka mmoja mmoja.

Kwa ngitili tumechelewa kupata picha za mwanzo. Kwa mbuga na mabonde tusingoje.

ARDHI OEVU NI NINI?

Wataalamu hutumia neno "ardhi oevu". Maana yake ni ardhi inayokaa na maji, daima au kwa majira. Hapa kwetu ni mbuga zenye udongo mweusi, kingo za mito, madimbwi na malambo. Pwani ni mikoko na mahali mto unapoingia baharini. Kanda ya Ziwa ni mafunjo na matete mahali mto unapoingia ziwani, kama Mto Simiyu unavyoingia Ziwa Victoria kule Magu.

Mwaka 1971 nchi kadhaa zilikutana katika mji wa Ramsar, Iran, zikakubaliana kulinda ardhi ya namna hii. Tanzania ilijiunga na mkataba huo mwaka 2000. Kila tarehe 2 Februari ni siku ya ardhi oevu duniani.

Msidhani mbuga yetu iko peke yake. Maji ya upande wetu huelekea Mto Manonga. Manonga huingia katika tambarare ya Wembere, na Wembere hupeleka maji Ziwa Kitangiri. Kutoka hapo, mvua zikiwa nyingi, maji hushuka kwa Mto Sibiti mpaka Ziwa Eyasi. Kwa hiyo tope linalotoka katika shamba la Tinde linaweza kutua katika jaruba la mtu wa Igunga ambaye hatumjui. Na sisi tunalalamika kwa tope la walio juu yetu.

Tazameni sasa kinachotokea mahali penye maji mengi. Mwaka 2006 Ziwa Victoria lilishuka sana, likafika kiwango cha chini ambacho hakikuwa kimeonekana kwa miaka zaidi ya 80. Ufuko ukawa mpana. Mwaka 2020 ziwa likapanda likavunja rekodi ya miaka ya 1960. Mwezi Mei 2024 likapanda tena na kupita hata kiwango cha 2020. Mtu aliyejenga au aliyelima pale alipopaona pakavu mwaka 2006 alidhani ni ardhi yake ya milele. Kumbe ilikuwa ya ziwa, na ziwa lilikuwa limeondoka kwa muda tu. Kijiji chenye picha za ufuko za kila mwaka kingemwambia mapema, "Ndugu, hapa si pa kujenga."

Kule Rufiji nako mambo yanabadilika. Mlango wa Mto Rufiji una msitu mkubwa wa mikoko, miongoni mwa mikubwa kabisa ya Afrika Mashariki. Watu wa huko huvua, hulima mpunga na hukata boriti. Desemba 2022 maji yalianza kujazwa katika Bwawa la Julius Nyerere, na mwaka 2024 bwawa likaanza kutoa umeme. Mto mkubwa ukiwekewa bwawa, mwendo wa maji na wa udongo chini yake hubadilika. Mabadiliko hayo yatakuwa ya namna gani, na yatamfaa nani? Wanakijiji wenye picha za kabla na za baada watakuwa na la kusema mezani. Wasio nazo watakuwa na malalamiko tu.

WENZETU WALIFANYA NINI?

Jirani zetu wa Machakos, nchini Kenya, wana kisa kizuri.

Katika miaka ya 1930 wakuu wa serikali ya kikoloni walisema Machakos imekwisha. Vilima vilikuwa vitupu, udongo ulikuwa unakwenda na maji. Mwaka 1937 zilipigwa picha za vilima na mashamba hayo. Picha zikatunzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi na picha zile mkononi, wakatafuta mahali palepale, wakapiga tena. Waliona nini? Palipokuwa na makorongo pana matuta, miti na mashamba yanayolimwa vizuri. Na hayo yalitokea huku watu wakiongezeka kutoka kama 240,000 mwaka 1932 hadi karibu 1,400,000 mwaka 1989. Watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki waliandika kitabu juu ya jambo hilo mwaka 1994. Watu wengi duniani walikuwa wakiamini kuwa watu wakiongezeka ardhi lazima ife. Picha za vilima zilisaidia kuonyesha kuwa si lazima. Wakulima wa Kikamba walikuwa wamefanya kazi kubwa, na sasa ushahidi ukawepo.

Mfano mwingine uko Australia. Mwaka 2017 katika fukwe za Sydney waliweka vishikizo vya chuma. Mtu yeyote anayepita anaweka simu yake pale, anapiga picha, anaituma. Kwa kuwa kishikizo hakisogei, picha zote zinatazama mahali pamoja. Wataalamu wanazilinganisha na kuona ufuko umeliwa kiasi gani au umejaa kiasi gani. Anayepiga picha si mtaalamu. Ni mpita njia tu. Mpango huo umeigwa katika nchi nyingi.

Mnaona? Katika visa hivi viwili siri ni ileile: mahali palepale, upande uleule, tena na tena. Hakuna uchawi.

NAMNA YA KUFANYA

Simu zenye kamera zimekwisha kuingia vijijini. Kijiji hakihitaji simu nyingi, moja inatosha. Fuateni hatua hizi.

Kwanza, chagueni mahali patatu. Msichague panapopendeza. Chagueni panapobishaniwa: penye mkondo unaoingia mbugani, penye majaruba na malisho yanapokutana, na penye lambo au kisima.

Pili, wekeni nguzo. Iwe ya saruji au ya mti mgumu usioliwa na mchwa. Ifike kifuani mwa mtu. Hapa tuangalie sana. Udongo wa mbuga huvimba masika na hupasuka kiangazi. Nguzo iliyochimbiwa katikati ya mbuga itainama kama mlevi, na picha zitainama nayo. Basi ichimbieni pembeni, kwenye udongo wa kichanga wa luseni, au tumieni jabali kama lipo. Juu ya nguzo pigilieni misumari miwili ya kuegemeza simu.

Tatu, chagueni alama za mbali zisizohama: jabali, kilima, mbuyu, paa la shule. Andikeni, kwa mfano: "Jabali liwe kona ya kushoto, paa la shule liwe katikati." Kila mara mpigaji ahakikishe hivyo. Afadhali achukue picha ya nyuma mkononi na kulinganisha kabla hajabonyeza.

Nne, chagueni tarehe na msizibadilishe. Sisi tunapendekeza tarehe 2 ya Februari, Mei, Agosti na Novemba. Februari ni katikati ya mvua. Mei mvua zinaisha. Agosti ni kiangazi. Novemba tunangoja au tumeanza kupata mvua za kwanza. Picha ya Februari ilinganishwe na ya Februari, ya Agosti na ya Agosti. Anayelinganisha picha ya masika na ya kiangazi kisha akasema "bonde limekufa" anadanganya watu, hata kama picha zote mbili ni za kweli.

Tano, saa iwe moja. Saa tatu asubuhi inafaa. Jua liwe mgongoni mwa mpigaji, kwa hiyo asubuhi simu itazame magharibi. Simu ilazwe upande, na picha isivutwe karibu.

Sita, mtu mmoja asimame mahali palipokubaliwa akiwa na fimbo ya mita mbili iliyopakwa rangi kila nusu mita. Bila fimbo hatujui korongo lina kina gani. Picha hulifanya kubwa liwe dogo, na dogo liwe kubwa.

Saba, picha zisafishwe, yaani zichapishwe kwenye karatasi katika studio mjini. Simu huanguka majini, huibiwa, hufa. Karatasi ikitunzwa hudumu. Hebu tupige hesabu pamoja. Mahali patatu mara nne kwa mwaka ni picha 12. Kwa miaka kumi ni picha 120. Hizo zinaingia katika daftari moja kubwa. Je, kijiji kitashindwa gharama ya picha 12 kwa mwaka?

PICHA BILA MAANDISHI NI BUBU

Hapa ndipo mhitimu wa kisomo anapohitajika.

Sote tuna picha za zamani majumbani. Tunamwona mtu amesimama kando ya mti. Ni nani? Ni wapi? Mwaka gani? Bibi aliyejua amekwisha kufariki. Picha ipo lakini haisemi. Ni bubu.

Kwa hiyo nyuma ya kila picha, au chini yake daftarini, yaandikwe mambo sita:

1. Jina la mahali na namba ya nguzo.
2. Tarehe, mwezi na mwaka.
3. Saa.
4. Jina la aliyepiga.
5. Mvua ya mwisho ilinyesha lini, na ilikuwa kubwa au ndogo.
6. Tunachoona.

Hilo la sita ndilo gumu. Kuona ni tofauti na kudhani. Ukiandika, "Wafugaji wameharibu ukingo," huko ni kudhani. Ukiandika, "Ukingo wa kulia umeanguka. Kuna nyayo za ng'ombe. Kuna pia shimo la mchanga juu yake," huko ni kuona. Andikeni mnachoona kwanza. Sababu zitajadiliwa na wote kwenye mkutano.

Maneno yawe mafupi na ya kawaida. Yaandikwe kwa penseli au kalamu ya wino usiochuja. Na yasomwe kwa sauti mbele ya kikundi kabla ya kufunga daftari. Kama kuna asiyekubali, naye aandikwe: "Mzee wa kitongoji cha juu anasema nyayo ni za punda wa kubeba maji." Hakuna ubaya. Daftari lenye sauti mbili linaaminika kuliko lenye sauti moja.

Kazi hii si ngeni kwetu. Mwaka 1973 wazazi wetu walikaa katika vikundi vya redio vya "Mtu ni Afya". Mwaka 1980 walikaa tena kwa "Misitu ni Mali". Walisikiliza, wakajadili, wakaandika walichoamua, wakachimba vyoo na kupanda miti. Kikundi cha picha za mbuga ni mtoto wa vikundi vile.

PICHA HAIONI KILA KITU

Ndugu zetu, tusiuze picha kama dawa ya magonjwa yote.

Picha haioni ndani ya maji. Wenzetu wa Geita, na sehemu nyingine zenye wachimbaji wadogo, huosha udongo wa dhahabu mabondeni. Tope likiingia mtoni, picha italionyesha, maana maji yatabadilika rangi. Lakini zebaki inayotumika kukamatia dhahabu haionekani kwenye picha hata kidogo. Maji yanaweza kuwa meupe kama kioo na yakawa na sumu. Hapo lazima maji yapimwe na wataalamu. Picha inaweza kusaidia kusema wapi na lini wapime.

Picha pia haijui sababu. Inaonyesha kuwa bonde limepungua. Haisemi ni mvua, ni ng'ombe, ni majaruba, au ni vyote pamoja. Na picha mbili hazitoshi. Mwaka mmoja wa ukame si mwisho wa mbuga, na mwaka mmoja wa mafuriko si neema ya milele. Picha za miaka mitano sita ndizo zinazoanza kuonyesha njia.

Jambo lingine ni la heshima. Picha za nguzo si za kukamatia watu. Mpigaji akianza kuwapiga picha wenye tanuri za mkaa, wachota mchanga au akina mama kisimani bila ruhusa, watu watamwogopa. Usiku mmoja nguzo itang'olewa, na kazi itakufa. Tunapiga picha ya ardhi. Mtu akiwa mbele ya nguzo, tumwombe apishe kidogo au tumngoje apite. Na yule anayeshika fimbo awe amekubali mwenyewe.

Hilo halina maana kwamba sheria ifumbiwe macho. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, bwawa au ziwa. Chukueni kamba ya mita 20, pimeni mara tatu kutoka ukingoni, simikeni kijiti. Kikundi kikipiga picha ya ukingo na kijiti kile, kila mtu ataona mwenyewe jaruba lake au shimo lake liko upande gani. Mara nyingi mtu akiona kwa macho yake hahitaji kupelekwa kwa mtendaji. Na kama mto umehama ukamfuata shambani kwake, picha itamtetea.

NANI ATUNZE DAFTARI?

Mwenyekiti hubadilika kwa uchaguzi. Mtendaji huhamishwa. Mwalimu huhamishwa. Hata sisi tunaozungumza hapa tutahamishwa siku moja. Mbuga haihamishwi. Kwa hiyo daftari liwe la kijiji, lisiwe la mtu.

Tunashauri yawepo madaftari mawili yanayofanana. Moja likae ofisi ya kijiji, chini ya Kamati ya Mazingira. La pili likae shuleni au katika kituo cha kisomo. Yawekwe katika sanduku la bati, juu, mbali na mchwa na maji. Anayekabidhi na anayepokea waweke sahihi zao na tarehe.

Kikundi kiwe na wakulima, wafugaji na akina mama wanaoteka maji. Msikose kuwaweka mzee mmoja na kijana mmoja pamoja. Kijana anajua simu. Mzee anajua jina la kila dimbwi na habari zake. Mzee akisema, "Hapa palikuwa na mafunjo," iandikwe katika ukurasa wa kwanza, na jina lake na umri wake. Hizo ndizo picha zetu za kabla ya kamera. Zikikosa kuandikwa mwaka huu, mwakani huenda hatazipata mtu.

Na mwanakijiji yeyote akitaka kuliona daftari, aonyeshwe. Daftari lililofungiwa kabatini halina tofauti na lisiloandikwa.

NENO LA MWISHO

Tinde ni njia panda. Barabara ya kutoka Nzega inafika hapa, moja inakwenda Shinyanga na Mwanza, nyingine inakwenda Isaka na Kahama. Malori yanapita mchana na usiku. Yanataka mkaa, mchanga, mpunga. Wanunuzi watakuja na kuondoka. Watakaobaki na bonde ni sisi na watoto wetu.

Siku mtoto atakapouliza, "Mama, mbuga hii ilikuwaje?" tusimjibu kwa ubishi. Tumfungulie daftari.

Tunawaombeni kabla hamjaondoka hapa leo mchague mahali pa nguzo ya kwanza. Zile mbili nyingine zitafuata. Picha ya kwanza ndiyo yenye thamani kuliko zote, maana hakuna awezaye kurudi nyuma kuipiga.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Ni mahali gapi patatu katika kijiji chetu panapobishaniwa zaidi kwa ajili ya maji, malisho au kilimo?
2. Wazee wanakumbuka nini juu ya mahali hapo? Nani ataandika maneno yao, na lini?
3. Kwa nini picha ya Februari isilinganishwe na picha ya Agosti?
4. Soma sentensi hii: "Wakulima wameua mto." Je, ni kuona au kudhani? Iandike upya kwa kueleza kinachoonekana tu.
5. Nani atashika simu, nani atashika fimbo, na nani atashika kalamu?